Siku za Pazia za Madamu

Kwa karibu miaka miwili niliyoishi uani kwa Madamu, sikumsikia hata siku moja akisema anaumwa. Alisema jua lilikuwa kali. Alisema vumbi la chaki limemkaa kifuani. Safari moja, alipokaa ndani siku tatu bila kuonekana, alitoka siku ya nne akasema alikuwa anapanga kabati. Kabati lenyewe lilikuwa na rafu mbili na nguo zisizojaza sanduku, na sote tulilijua, kwa sababu lilikaa sebuleni mbele ya macho ya wanafunzi wake. Hakuna aliyecheka. Tulifungua madaftari tukaendelea pale tulipoishia.

Tulimwita Madamu tu. Sokoni walimwita hivyo, kanisani hivyo hivyo, na askari wa zamu waliopita mbele ya lango walimsalimu kwa neno hilohilo. Alifundisha Kifaransa watu wazima. Mwishoni mwa miaka ya tisini Gisenyi ilijaa watu kama mimi, tuliorudi Rwanda, nchi ambayo wengi wetu hatukuwahi kuiona. Wengine walitoka Uganda na Kiingereza chao, wengine tulitoka Tanzania na Kiswahili chetu, na maofisini karatasi zote ziliandikwa Kifaransa. Mimi nilikuwa nimepata kazi katika ofisi ya kupitisha mizigo karibu na Petite Barrière, ule mpaka mdogo wa kwenda Goma ambako kina mama hupita tangu alfajiri na mabeseni kichwani. Mkuu wangu alinipa miezi mitatu: nijue kujaza fomu kwa Kifaransa au nitafute kazi nyingine. Mtu akanielekeza mtaa wa Nengo, kwenye nyumba ya matofali yenye pazia la kijani.

Nilimkuta mwanamke wa miaka hamsini hivi, mwembamba, nywele zimeanza mvi, amezibana nyuma kwa kibanio kimoja cha chuma. Aliniuliza maswali mawili: kama najua kusoma saa, na kama naogopa kuchekwa. Nilijibu ndiyo na ndiyo.

"Bon," akasema, neno lake la kusema sawa. "Ya kwanza itakusaidia. Ya pili tutaiondoa."

Kuhusu saa hakuwa na mchezo. Darasa lilianza saa kumi alasiri, na saa kumi kamili mlango ulifungwa kwa ufunguo. Afisa mmoja wa polisi, mtu mnene aliyeheshimiwa mji mzima, alichelewa dakika nne akakuta umefungwa. Hakugonga mara ya pili. Alisimama kati ya maua chini ya dirisha, akaweka daftari kwenye kizingiti, akafuata somo zima akiwa nje. Kesho yake alifika saa tisa na nusu.

Wala hakuanza na majina, kama walimu wengine wa lugha. Somo la kwanza lilikuwa sentensi tatu: *j'ai faim*, nina njaa, *j'ai froid*, nasikia baridi, *j'ai peur*, naogopa. Mwanafunzi mmoja alilalamika kwamba hata kujitambulisha bado hajui. Madamu akamjibu kwa Kiswahili chake, kile kinachosemwa Goma.

"Jina yako, watu watakuuliza wenyewe. Lakini njaa yako, na baridi yako, na woga yako, ukikosa kusema, hakuna mutu atakuuliza."

Kila mmoja alisimama na kuzisema mbele ya wenzake. Yule afisa wa polisi aliikataa ya tatu kwa wiki mbili. Siku alipoisema alikaa chini na kufuta uso kwa kiganja, na Madamu akapita kwenye zoezi linalofuata bila kumtazama, asije akamwaibisha. Nilidhani mwanamke huyu anajua kila kitu kuhusu kusema. Ilinichukua muda kugundua kwamba yeye mwenyewe sentensi ile ya tatu aliifundisha tu. Hakuisema kwa Kifaransa, wala kwa Kinyarwanda, wala kwa lugha yoyote aliyokuwa nayo.

Alikuwa hivyo katika mambo mengi, mkono mmoja ukifungua na mwingine ukifunga. Aliogopa mbwa kiasi cha kuvuka barabara akimwona hata mtoto wa mbwa, na kila jioni aliwarushia mbwa wa mtaani makombo juu ya ukuta, akisimama mbali. Barua za ofisi alizirudisha zikiwa zimesahihishwa kwa wino mwekundu, lakini orodha yake ya sokoni ilijaa makosa. Hakujua kupika. Maharage yake yaliungua kwa sababu alisoma kitabu akiwa jikoni, kisha aliyala yote bila kinyongo, akisema moshi ni kiungo. Nilipothubutu siku moja kumsahihisha Kiswahili, nikamwambia ni kitu kizuri na si kitu muzuri, alinitazama juu ya miwani.

"Mutanzania," akasema, kwani ndivyo alivyoniita tangu siku ya kwanza, "kitu iko muzuri ama haiko. Ile *ki* yako haiongezi sukari."

Baada ya miezi mitatu nilijua kujaza fomu, na nilikuwa nimehamia kwenye chumba cha uani kwake. Sikuwa na mtu mwingine mjini. Wazazi wangu walibaki Ngara, na mimi nilikuwa kijana wa miaka ishirini na minne ambaye siku za mapumziko alizunguka sokoni bila kununua kitu, ili tu asikie watu wakiongea. Madamu aliliona hilo. Hakulisema. Alianza tu kuniita nimsaidie kumenya viazi ambavyo angeweza kuvimenya mwenyewe.

Darasani mwetu alikuwemo Jovia, binti aliyetoka Mbarara na aliyefanya kazi katika duka la dawa. Alikuwa akijibu kwa Kiingereza kabla hajakumbuka Kifaransa, kisha anajipiga paji la uso. Nilimpenda kwa miezi mitano bila kumwambia neno. Mwishowe niliandika barua ya kurasa mbili kwa Kifaransa, nyingi nikiwa nimeichota katika kitabu cha mifano ya barua, nikampa Madamu asahihishe. Aliirudisha bila alama nyekundu hata moja.

"Makosa hakuna," akasema. "Lakini hii barua iko ya nani?"

Nilisema ni yangu.

"Hapana. Nyota, maua, moyo yenye kuwaka. Mi sijaona hata siku moja unatazama maua. Nenda umuambie kitu moja, moja tu, yenye ni kweli. Kisha unyamaze."

Nilikwenda. Nilimkuta Jovia akifunga duka, nikamwambia kwamba katika mji huu kuna siku zinapita bila mtu kuniita kwa jina, na kwamba siku za darasa yeye huniita. Kisha nikanyamaza, kama nilivyoagizwa, na ukimya ule ulikuwa mrefu kuliko barua yangu. Jovia hakucheka. Alisema kwake ni hivyo hivyo. Tangu hapo Jumapili tulitembea pamoja barabara ya ziwani, na kama nina nyumba leo, msingi wake uliwekwa na mwanamke yule.

Ndiyo maana nililolifanya baadaye linanikaa vibaya.

Lile pazia la kijani lilikuwa la dirisha la sebuleni. Likiwa limefungwa mchana, wanafunzi waliliona kutoka barabarani wakageuka kimya kimya. Hatukulipa jina mbele yake, lakini kati yetu tulisema ni siku za pazia. Mwanzoni zilikuja mara moja kwa miezi miwili, siku mbili tatu. Alilala ameelekea ukutani. Hakuoga, hakuchana nywele, hakula. Nilimpelekea uji wa mtama, nikauweka kwenye kigoda karibu na kitanda, na jioni niliukuta umeganda. Ukimwuliza kitu alijibu baada ya muda mrefu, kama mtu anayeitwa kutoka ng'ambo ya bonde. Kisha asubuhi moja ningesikia maji yakimwagika bafuni, na saa kumi kamili mlango ungefungwa kwa ufunguo kama kawaida.

Majirani walisema ni malaria. Malaria ya mtaa wetu ilibebeshwa mengi yasiyo yake. Alichopoteza sikuwahi kumwuliza. Miaka ile, baada ya mauaji, watu hawakuulizana, kila nyumba ilikuwa na majina ambayo hayakutajwa mezani, na nilijiambia kwamba kunyamaza ni heshima. Alichoniomba yeye kilikuwa kimoja: mtu yeyote akija siku hizo, niseme Madamu amekwenda Kigali kwa kaka yake. Nilikubali. Nilijisikia mkubwa kwa kuaminiwa hivyo.

Halafu akaja Fundi.

Alikuwa mjane kutoka Goma, mtaa wa Birere, mwenye karakana ya kutengeneza vyerehani na mashine za kuchapa. Alivuka mpaka mara ya kwanza kwa ajili ya mashine ya Madamu, ambayo herufi yake ya *e* ilikwama, na bila *e*, Madamu alisema, Kifaransa hakiwezekani. Alikuwa Mwislamu, mpole, mrefu, mikono yake mipana kupita kiasi kwa kazi ya skrubu ndogo vile. Aliitengeneza ile herufi. Wiki iliyofuata alikuja kuangalia kama bado ni nzima. Wiki ya tatu hakuwa na sababu, akaleta kipande cha jibini kutoka milima ya Masisi, kilichofungwa katika gazeti.

Ikawa kila Jumamosi, saa nne asubuhi. Walikaa barazani, mimi nikifua nguo zangu uani, na kwa mara ya kwanza nilimsikia Madamu akicheka, kicheko kifupi ambacho alikizuia kwa kiganja mdomoni kana kwamba amekiiba. Walibishana kuhusu mambo madogo: kama chai inywewe na maziwa, kama mashine ina roho. Alimwita Fundi, naye alimwita Madamu, na walivyoyatamka maneno hayo mawili hayakuwa tena majina ya kazi.

Baada ya karibu mwaka, tukimenya viazi, Madamu aliniambia kwamba Fundi anataka wakae pamoja. Fundi alikuwa amemwambia dini si kizuizi: Madamu ataenda misa, yeye ataenda msikitini, na watakutana kwenye chakula. Alicheka alipokuwa akinisimulia. Kisha akaacha kisu.

"Hajanijua," akasema. "Ananijua ya Jumamosi, yenye imechana nywele."

Nilimwambia amwambie basi. Alisema atamwambia. Lakini siku za pazia zilikuwa zimeanza kurefuka na kukaribiana, na Jumamosi tatu katika miezi ile zilimkuta kitandani. Mara zote tatu nilitoka langoni kama nilivyoagizwa, nikamwambia Fundi kwamba Madamu yuko Kigali. Mara ya kwanza alisema sawa. Mara ya pili aliuliza kama kaka yake anaumwa. Mara ya tatu alinitazama tu, akanishukuru, akarudi zake.

Jumamosi ya nne ndiyo ninayotaka kuieleza, na nimeizungukia vya kutosha.

Alikuwa amelala tangu Jumatatu. Ijumaa alasiri nilipompelekea uji alinishika mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Mkono wake ulikuwa wa moto na mkavu. Aliongea polepole, akipumzika kati ya maneno.

"Kesho Fundi anakuja kuchukua jibu. Umufungulie. Usimudanganye tena. Anione hivi hivi. Bora aone mbele ya kuamua."

Nilimwahidi. Nataka ijulikane kwamba nilimwahidi, na kwamba nilimwelewa vizuri.

Asubuhi niliingia kufungua dirisha la chumba ili hewa ipite. Nywele zilikuwa zimejisokota upande mmoja. Gauni lilikuwa lile lile la Jumatatu, limetota jasho mgongoni. Kulikuwa na ndoo karibu na kitanda, na harufu. Nilisimama nikamtazama mwanamke aliyemfanya afisa wa polisi asimame kati ya maua, na aibu ikanipanda hadi masikioni. Nilijiambia ni kwa ajili yake. Nilijiambia akipona atanishukuru. Lango likagongwa saa nne.

Fundi alikuwa amevaa koti jeusi lililopigwa pasi, na viatu vya ngozi ambavyo vumbi la barabara ya mpakani lilikuwa halijavishinda. Alinisalimu kwa jina. Akauliza Madamu yuko.

"Madamu hayupo," nikasema. "Amekwenda Kigali."

Akauliza kama ameacha neno lolote. Nikasema hapana, hakuacha. Alitazama nyumba kwa juu ya bega langu, akatazama pazia, akanitazama mimi. Nina hakika kwamba kama ningepepesa macho angenisukuma apite. Sikupepesa.

"Bon," akasema. "Umuambie nilikuja. Umuambie mi sikukasirika. Na umuambie..." Alijishika ukosi, akatabasamu kidogo kwa haya. "Umuambie nilivaa koti."

Akanipa kifurushi cha gazeti, akageuka kuelekea Petite Barrière. Hakuangalia nyuma.

Nilirudi ndani. Madamu alikuwa ameelekea ukutani kama nilivyomwacha. Nilidhani amelala, lakini aliuliza, bila kugeuka, kama Fundi amekuja. Nilikuwa bado nimeshika kifurushi.

"Hakuja," nikasema.

Akavuta shuka begani. Halafu akasema, "Bon."

Lile jibini niliwarushia mbwa juu ya ukuta.

Fundi hakurudi tena. Wiki chache baadaye vita vilianza upya ng'ambo, mpaka ukafungwa kwa muda, na hata ulipofunguliwa hakuonekana. Madamu hakuwahi kumtaja. Darasa lilikufa polepole, kwanza siku moja kwa wiki, kisha mlango ukawa haufungwi kwa ufunguo kwa sababu hakuna aliyekuja. Kaka yake alifika na gari, akampeleka Kigali kutibiwa. Safari hii ilikuwa kweli. Alipopita mbele yangu akielekea garini alisema nisisahau kumwagilia maua. Nyumba ikapangishwa kwa familia nyingine, nami nikahama. Muda si mrefu nilimwoa Jovia.

Jovia hakujua. Aliniuliza mara nyingi ilikuwaje Fundi akakata mguu ghafla vile, nami nilisema labda ni vita. Watu wengi waliachana kwa sababu ya vita, kwa hiyo ilikuwa sababu nzuri, haikuhitaji maelezo.

Kisha mtoto wetu wa kwanza akazaliwa, na Jovia akaanza kulia. Alilia akinyonyesha, alilia akikunja nepi, na ukimwuliza alisema hajui. Ilikwenda hivyo wiki ya kwanza, ya pili, ya tano. Alasiri moja jirani alikuja kumwona mtoto, mama mmoja mwema, amebeba chupa ya maziwa. Jovia alikuwa chumbani, kanga aliyoivaa juzi, macho yamevimba. Nilisimama mlangoni nikasema Jovia ametoka kidogo, amekwenda kule dukani.

Nyuma yangu nikasikia pazia la chumba linavutwa. Jovia alitoka na mtoto mkononi, nywele timutimu, akasimama katikati ya sebule.

"Niko hapa," akamwambia yule mama. "Silali, na ninalia siku nzima. Ingia."

Yule mama aliingia. Alimchukua mtoto, akamkalisha Jovia chini, akaanza kumwambia kwamba kwa mtoto wake wa pili naye alilia hadi mvua zikaisha. Walikaa saa mbili. Mimi nilisimama jikoni, sina kazi.

Yule mama alipoondoka nilimweleza Jovia habari yote ya ile Jumamosi, tangu mkono wa Madamu hadi mbwa. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliuliza jambo moja: Madamu alikuwa ameniagiza nini siku ile. Nikarudia. Akatikisa kichwa taratibu.

"Kwa hiyo hukuwa unamficha kwa ajili yake," akasema. "Mimi ungenificha mpaka lini?"

Kisha akasema niende nikamtafute Madamu.

Ni yule afisa wa polisi aliyenipa habari: Madamu alikuwa ametoka Kigali zamani kidogo na sasa anaishi Cyanzarwe, kwenye shamba dogo la jamaa yake, si mbali na mpaka. Ilikuwa imepita zaidi ya mwaka tangu aondoke Gisenyi. Nilipanda baiskeli ya kukodi asubuhi ya siku ya mapumziko, nikapita kati ya mashamba ya viazi na kuta za mawe meusi, nikiuliza njia. Nilikuwa nimejipangia maneno, na kila nilipoyarudia yalizidi kufanana na ile barua ya kurasa mbili.

Nilimkuta akichambua maharage mbele ya nyumba ya bati. Alikuwa amenenepa kidogo. Kichwani alifunga kitambaa. Alinyanyua macho, akaniangalia nikishuka kwenye baiskeli, akasema, "Mutanzania, umechelewa," lakini bila ukali, kisha akaniletea kigoda.

Aliniuliza habari za Jovia, na za mtoto, na nilipomwambia kuhusu kulia kwa Jovia alitaka kujua kila kitu: anakula, analala, nani anakaa naye. Aliongea kuhusu hali yake mwenyewe kama mtu anavyoongea kuhusu goti linalouma. Kigali walimpa dawa, na kulikuwa na mama mmoja wa kuongea naye, na bado siku zile zinakuja, ila sasa hafungi mlango. Nilishangaa jinsi alivyolisema hilo kwa urahisi. Nikaona nikingoja zaidi nitaondoka bila kusema, kwa hiyo nikamwambia: Fundi alikuja siku ile. Nilimwambia hayupo.

Aliendelea kuchambua maharage.

"Najua," akasema. "Ulikuwa umefungua dirisha. Nilisikia yote. Nilisikia habari ya koti."

Alitupa punje mbovu pembeni.

"Ulisema *hayupo*, na ile Kiswahili yako muzuri. Mi nikalala pale nikafikiri: huyu kijana anakaa hapa, ananiona kila siku. Kama yeye anasema siko, donc basi siko."

Nilimwuliza kwa nini hakuita. Alisema alijaribu, alifungua mdomo, sauti haikutoka, na hatua za Fundi zikawa zinapungua barabarani. Hiyo sehemu ni yake, akasema, atabeba mwenyewe, nisijaribu kumpokonya. Baadaye, alipopata nguvu, alivuka hadi Birere kumtafuta. Karakana ilikuwa na mtu mwingine anayeuza sabuni. Mmoja alimwambia Fundi amekwenda Bukavu kwa binti yake, mwingine akasema Uvira. Alituma barua mbili kupitia wafanyabiashara. Hakupata jibu.

"Labda alioa," akasema. "Labda alikufa. Mi sijui niombe misa gani."

Nilimwomba msamaha. Nilisema kwa maneno machache, kwa sababu yale mengine yote yalikuwa yamenitoka. Alifuta mikono kwenye aproni.

"Nimekusamehe tangu zamani," akasema. "Lakini sitakuambia kama haikuwa kitu. Ilikuwa kitu. Ilikuwa mume."

Wingu lilikuwa limefunika jua, na nilimwona akibadilika. Mikono ilipunguza mwendo juu ya ungo, kisha ikasimama. Uso ulikuwa ule ule, ila kama mtu aliyerudi ndani ya nyumba na kuacha mlango wazi. Nilijua ni mimi niliyeyaleta haya. Nikainuka nusu, nikaanza kusema nimwache apumzike, nitarudi siku nyingine.

Mama mmoja jirani alikuwa akija kwenye kijia na jembe begani. Hakubisha hodi. Alimtazama Madamu mara moja, akaweka jembe chini, akauliza kwa Kinyarwanda kama leo ni siku mbaya. Madamu akajibu kwamba inaanza kuwa. Yule mama akavuta ungo magotini pake, akaketi chini karibu naye, akaendelea kuchambua maharage pale mwenzake alipoishia. Halafu akanitazama mimi, niliyesimama na mkono kwenye usukani wa baiskeli, akaonekana kutoelewa nasubiri nini.

Nikailaza baiskeli, nikarudi kwenye kigoda. Madamu alikuwa anatazama chini, kitambaa kimelegea na nywele zimetoka upande mmoja, na watu waliopita barabarani walitusalimu sote watatu. Nilikaa hadi maharage yakaisha.